Kilimani Nyingine, Yenye Visima Vikavu

Kuna wanahistoria wanaosema kwamba mji wa Gede, kule karibu na Watamu, kwanza uliitwa Kilimani. Gede ni jina lililokuja baadaye, neno la Kioromo ambalo husemekana maana yake ni kitu cha thamani. Sijui kama Kilimani yetu ya Argwings Kodhek ina habari. Ghorofa jipya linaota pale karibu kila mwezi, na jambo la kwanza mjenzi anafanya ni kuchimba kisima, kwa sababu maji ya mfereji ni ya ratiba. Ukienda mbele hadi Kawangware, ratiba yenyewe ni mkokoteni wa mitungi.

Ndiyo maana nikipanga matembezi ya Gede sianzi na kasri kama wanavyofanya wengi. Naanza na maji.

Kufika si kazi. Panda SGR Syokimau asubuhi, au basi la usiku kutoka mjini, na ukifika Mombasa uchukue matatu ya Malindi inayopitia Kilifi. Shuka steji ya Gede. Pikipiki zipo, lakini hata kwa miguu utafika. Vaa viatu vilivyofunika vidole kwa sababu ya mizizi, na beba maji yako. Njia za ndani ni tambarare na zina kivuli, kwa hivyo hata shosho yako atatembea bila shida. Saa mbili zinatosha. Ingia mapema kabla jua halijawa kali na kabla mabasi ya shule hayajafika.

Kaburi moja limeandikwa mwaka wake: 802 wa Hijria, yaani 1399. Simama hapo kidogo. Reli ilifika Nairobi 1899, miaka 500 baadaye, na hapo palikuwa na maji baridi tu ambayo Wamaasai waliyaita Enkare Nyirobi. Wakati huo wote ambao sisi hatukuwepo, watu wa Gede walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakawa na vyoo ndani ya nyumba, wakala kwenye bakuli za kauri kutoka China. James Kirkman, aliyechimba hapa kuanzia 1948 hadi 1958, alizipa nyumba majina kulingana na alichookota ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu ya China. Kwa miaka mingi vitabu viliiita miji kama hii ya Waarabu, ati Mwafrika alikuwa mbeba mawe tu. Watafiti kama Chapurukha Kusimba wameivunja hadithi hiyo vizuri sana.

Sasa nenda Msikiti Mkuu. Karibu nao kuna kisima na birika la kutawadhia. Chungulia, lakini usiegemee ukingo. Kisima hiki kiliongezwa kina. Mtu alishuka humo, akachimba zaidi, kwa sababu maji yalikuwa yamerudi chini. Kwangu mimi hiki ndicho kitu muhimu kuliko vyote Gede, na ni shimo tu.

Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Brosha hupenda neno “fumbo”, kana kwamba watu waliyeyuka. Lakini sababu zinazotajwa zinaeleweka kabisa: mashambulizi katika pwani hii mwishoni mwa karne ya 16, Wareno kuhamishia makao yao kutoka Malindi hadi Mombasa 1593, Waoromo kusonga kutoka kaskazini, na maji. Pengine zote pamoja. Ila vita huisha na watu wakarudi. Kisima kikikauka unarudi kufanya nini?

Watu walipoondoka, msitu uliingia. Mibuyu, mikuyu, mizizi iliyokumbatia kuta kama vidole. Kima watakufuata wakitafuta chakula, usiwape. Ukinyamaza unaweza kumwona sange, kinyama chenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, akichakura majani makavu. Kwa Wagiriama wengi hapa ni mahali patakatifu, na naamini heshima hiyo imechangia miti kubaki wakati mashamba yamezunguka pande zote. Serikali ya kikoloni ilipoutambua mji kama kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, msitu ulikuwa umeshautunza kwa karne tatu bila mshahara. UNESCO wamekuja kuutia kwenye orodha yao ya urithi wa dunia Julai 2024.

Kasri ukaone, picha upige. Lakini kuna sehemu ambayo waongozaji wengi huipita haraka: nafasi kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje. Hakuna cha kupiga picha, ni miti na udongo. Waliishi hapo watu wa kawaida, kwenye nyumba za udongo na makuti zilizoanguka bila kuacha kuta. Mwambie mwongozaji asimame hapo. Kisha muulize, kutoka hapo mlipo hadi kisima cha karibu ni hatua ngapi, na mzihesabu pamoja.