Mwezi, Siku na Dakika: Ubadilishaji wa Vipimo vya Wakati katika Historia ya Urambo na Njia ya Misafara, 1857–1914

Historia ya Urambo imehifadhiwa katika vipimo vya wakati visivyolingana: misimu ya mvua na mavuno ya Wanyamwezi, mwezi mwandamo wa wafanyabiashara wa pwani, na kalenda ya miladi ya wasafiri wa Ulaya. Insha hii inadai kwamba kubadili kipimo kimoja kuwa kingine si kazi ya kuzidisha na kugawanya tu, kwani kila kipimo kina mwanzo wake na kiwango chake cha uhakika.

Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole tarehe 27 Juni 1857, wakafika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Siku zote, ya kwanza na ya mwisho zikijumuishwa, ni 134. Kwa miladi, huo ni muda wa miezi minne na siku 12. Kwa mwezi mwandamo, wenye wastani wa siku 29.53, ni miezi minne na takriban siku 16. Mpagazi anayelipwa kwa mwezi angeiona tofauti hiyo ya siku nne katika ujira wake. Muda huohuo unaweza kuandikwa kuwa sekunde 11,577,600, lakini tarakimu hizo haziongezi ukweli wowote: chanzo kilihesabu kwa siku, na kosa la siku moja tu ni sekunde 86,400.

Katika vipindi virefu tofauti hukua. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Hivyo miaka 33 ya miladi hukaribia 34 ya Hijria. Mtemi Mirambo, aliyeijenga Urambo kuwa dola, alifariki tarehe 2 Desemba 1884, sawa na mwezi wa Safar 1302. Akikadiriwa kuzaliwa mnamo 1840, umri wake ulikuwa takriban miaka 44 kwa miladi, lakini zaidi ya 45 kwa Hijria. Mtafiti anayechanganya hesabu hizo humwongezea mtemi mwaka ambao hakuuishi.

Vipimo vidogo navyo vina mtego. Kwa Waswahili siku huanza jua linapotua. Usiku unaotangulia mchana wa Jumanne ni usiku wa Jumanne. Kwa Mzungu, saa mbili za usiku huo bado ni Jumatatu. Kwa hiyo mapigano ya usiku yanaweza kupewa tarehe mbili pasipo shahidi yeyote kukosea. Kabla ya kumtuhumu msimulizi, ni lazima kuuliza siku yake ilianzia wapi.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipitia Urambo, ratiba ya dakika iliingia katika nchi iliyopima umbali kwa siku za mwendo. Hata hivyo, jembe liliendelea kungoja mvua. Vipimo viwili viliishi pamoja.

Kwa kuhitimisha, kanuni ni moja: tarehe ibadilishwe baada ya kutambua kalenda, mwanzo wa siku na kipimo kidogo kabisa kilichotumiwa na chanzo, na matokeo yasidai uhakika kuliko chanzo chenyewe. Penye msimu, paandikwe msimu.