Namba Isiyo na Jina

Wazee wa Meru na Embu walioishi siku za ukoloni walikijua vema kipande. Tangu miaka ya 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kukichukua, aghalabu katika kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni, na ndani yake mliandikwa namba. Afisa aliyeiona namba hiyo aliweza kulipata jina la mwenyewe katika daftari lililowekwa Nairobi. Ulikuwa udhalilishaji, wala siusifu. Lakini wakuonyesha, msomaji, kwamba namba haimtambulishi mtu ila pawepo daftari la kuirudisha kwenye jina.

Kompyuta nazo zina daftari la namna hiyo. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alipobuni mfumo wa majina ya mtandao, palikuwa na njia mbili: ya kwenda, ambayo kwayo jina hutoa namba, na ya kurudi, ambayo kwayo namba hutoa jina. Katika njia ya kurudi namba hupinduliwa, 192.168.5.20 ikawa 20.5.168.192, kwa kuwa jina hutangulizwa kilicho kidogo na namba hutangulizwa kilicho kikubwa.

Namba za hadharani za Afrika hugawanywa na AFRINIC, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Lakini zile zianzazo na 10 au 192.168, na nyingine chache, zilitengwa mwaka 1994 zitumike ndani tu. Shule ya Embu na shule ya Meru zaweza zote kuwa na 192.168.5.20 bila ugomvi. Ni nani basi wa nje awezaye kusema namba hiyo ni ya nani? Hapana. Kila shule haina budi kuweka daftari lake.

Isipoweka, mwanafunzi hubisha hodi kwenye seva, nayo seva humwulizia jina kwa namba yake, ikangoja jibu lisilokuja. Kipindi cha dakika 40 huliwa hivyo.

Ukitumwa kutafuta kosa, uliza namba upate jina, kisha uliza jina hilo upate namba. Zisipolingana, daftari moja limerekebishwa na la pili limesahauliwa. Hilo ndilo kosa la kila siku. Tazama pia nukta ya mwisho wa jina, ndogo kuliko punje ya wimbi: ikikosekana, seva huliongezea jina mkia wa namba zilizopinduliwa, likawa jina asilolijua mtu. Na ukisharekebisha, pandisha namba ya toleo iliyo juu ya daftari, la sivyo seva ya akiba itaendelea kujibu ya zamani.