Kumwogesha na Kumkanda Mtoto Mchanga: Yapi ya Sheria, Yapi ya Mila

Himdi zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba zake.

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, mtoto akizaliwa huulizwa mapema: "Keshaogeshwa?" Baadhi ya wazee huona kuwa mtoto aliyetoka tumboni ana najisi mpaka aoge, na kwamba haifai kumwadhinia kabla ya hapo. Kwa dhana hiyo, mtoto huvuliwa na kumwagiwa maji saa ileile, wakati mwili wake bado hauwezi kuhimili baridi. Tunaeleza hapa hukumu yake, kisha namna salama ya kuoga na kukanda.

Je, ni wajibu kumwogesha anapozaliwa?

Si wajibu. Vitabu vya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, vimeeleza kuwa si lazima kumwosha mtoto aliyezaliwa mama yake akiwa hai. Damu ikionekana mwilini mwake, ifutwe kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, kisha akaushwe.

Adhana na tahniki pia hazina sharti la kuoga. Abdullah bin Zubayr alipozaliwa, mama yake Asmaa alimpeleka kwa Mtume (S.A.W.), naye akatafuna tende, akamsugua nayo kinywani na kumwombea baraka. Sunna za siku ya saba, yaani akika, kunyoa nywele na kumpa jina, nazo hazifungamani na kuoga.

Kwa upande wa tiba, Shirika la Afya Duniani linashauri kuoga kusubiri saa 24 tangu kuzaliwa. Ikiwa mila haziruhusu kusubiri hivyo, basi zisipungue saa 6. Utando mweupe ulio mwilini mwake si uchafu. Unailinda ngozi, na hukauka wenyewe. Katika saa hizo, mahali pake ni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amefunikwa na kunyonya. Mtoto njiti, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, hupoteza joto upesi zaidi. Asiogeshwe mpaka mhudumu wa afya aseme.

Namna ya kumwogesha

1. Funga madirisha na uweke tayari taulo, kanga kavu na nguo kabla ya kumvua.
2. Tia maji ya baridi kwanza katika beseni, kisha ya moto. Yapime kwa kiwiko. Yasikie uvuguvugu, si moto.
3. Kabla kitovu hakijadondoka, mfute kwa kitambaa laini badala ya kumzamisha.
4. Anza na uso kwa maji matupu. Sabuni iwe kidogo, isiyo na manukato makali.
5. Shika kichwa na shingo muda wote. Dakika 5 zinatosha.
6. Mkaushe shingoni, kwapani na mapajani, umvishe, kisha anyonye.

Si lazima aoge kila siku. Mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha, maadamu sehemu za siri zinasafishwa kila anapojisaidia.

Kitovu kiachwe kikavu. Majivu, chumvi, mate na dawa za majani huingiza vijidudu, vikiwemo vya pepopunda. Kisipakwe kitu ila dawa iliyotolewa kituoni.

Kumkanda

Kumkanda mtoto kwa upole ni mila nzuri isiyo na katazo. Humtuliza na kumzoesha mkono wa mlezi. Asikandwe akiwa ametoka kunyonya. Mkandaji aoshe mikono, akate kucha na avue pete. Mafuta safi ya nazi yanafaa, kwa kiasi kidogo. Anza na miguu, panda mikono na mgongo. Tumbo lizungushwe taratibu kuelekea inakokwenda mishale ya saa, bila kugusa kitovu.

Haya yaachwe:

- Kukamua matiti ya mtoto. Uvimbe ule huisha wenyewe. Kuyakamua huleta jipu.
- Kubonyeza utosi, kuvuta shingo, au kumning'iniza kwa miguu.
- Kutia mafuta puani, masikioni au mdomoni. Yakiingia mapafuni humdhuru.
- Kutumia kafuri au dawa za kuchua za watu wazima. Vidonge vya nondo navyo visiwekwe kwenye nguo zake. Kwa watoto wenye upungufu fulani wa damu wa kurithi, huvunja chembe za damu na kuleta manjano.
- Kumpaka wanja machoni. Baadhi ya wanja una madini ya risasi.

Mwenye kuhofia jicho baya, kinga yake ni dua. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwakinga wajukuu zake Hasan na Husein kwa kuwaombea hifadhi ya Allah.

Udhu na nguo za mlezi

Kwa madhehebu ya Shafi, anayegusa utupu wa mtoto kwa kiganja bila kizuizi udhu wake hutenguka. Mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka 2 na asiyelishwa ila maziwa, hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea pote ulipofika. Wa mtoto wa kike huoshwa, na choo cha wote wawili huoshwa.

Mpelekeni hospitali haraka

Akikataa kunyonya, akiwa na joto au baridi kupita kawaida, akipumua mbio (mara 60 au zaidi kwa dakika), akipata degedege, viganja na nyayo zikiwa manjano, au kitovu kikiwa chekundu na kutoa usaha. Msingoje kumkanda kwanza.

Nasaha kwa familia

Bibi na mkunga wana haki ya kuheshimiwa, na mikono yao imelea wengi. Lakini Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na mtoto ni amana. Baba na mama wazungumze nao kwa upole kabla ya siku ya kujifungua: "Bibi, tusubiri mpaka kesho, kisha utamwogesha wewe." Kwa hivyo heshima inabaki, na mtoto anabaki na joto lake.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.