Sauti ya Klarineti: Mti, Pumzi na Sikio

Wako wajuzi wanaoshikilia ya kwamba uzuri wa sauti ya klarineti hutoka katika mti uliochongewa, na kwa dhana hiyo kijana wa Kasindi, mashariki mwa Kongo, aliyejaliwa klarineti ya plastiki huhesabiwa kuwa amekwisha kunyimwa sauti njema kabla hajapuliza. Rai hii haikuzuka bure. Mpingo, mti unaoota kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, ni mzito hata huzama majini, huchongeka kwa usahihi mkubwa, wala haulegei upesi kwa unyevu wa pumzi. Basi si ajabu mafundi wa Ulaya kuupenda. Illa mti kumridhisha fundi ni jambo moja, na mti kuzaa sauti ni jambo jingine. Mwaka 1964 mwanafizikia wa Marekani, John Backus, alieleza, baada ya kupima mitikisiko ya kuta za klarineti, kwamba sehemu yake katika sauti tunayoisikia ni hafifu mno. Kinachovuma ni hewa iliyomo ndani.

Na hewa hiyo ina tabia yake. Kwa kuwa bomba la klarineti ni kama limezibwa upande wa mdomo, sauti zake za chini hutawaliwa na mawimbi ya hesabu witiri, yaani la kwanza, la tatu na la tano. Na gumba likibonyeza kitufe chake, sauti haipandi oktavo moja kama ya filimbi, bali hupanda daraja kumi na mbili. Bomba la namna hii si geni katika milima ya Rwenzori. Mirija ya eluma ya Wakonzo, ambao ni ndugu wa Wanande kwa lugha na nasaba ijapokuwa mpaka wa Kasindi na Mpondwe umepita kati yao, nayo huzibwa upande mmoja. Kila mpulizaji hushika mrija wa sauti moja tu, na wimbo hupatikana kwa kupokezana. Mtu mwenye sauti moja hawezi kuufunika udhaifu wake kwa wepesi wa vidole: sharuti sauti ile ije kwa wakati wake, safi, na ilingane na za wenziwe.

Hapo ndipo lilipo somo la mpiga klarineti. Na ashike noti moja ya chini, aianze kwa pumzi ndogo isiyosikika sana, aikuze taratibu hata ijae chumba, kisha airudishe ilikotoka. Akisikiliza kwa makini atagundua kwamba inapokuwa kubwa huelekea kushuka, na inapofifia huelekea kupanda, kinyume cha filimbi; basi kazi yake yote ni kuituliza kwa midomo, kwa koo na kwa msukumo wa tumbo, pasipo kuibana. Zoezi hili halihitaji mali, lahitaji subira.

Yawezekana kupingwa kwamba chombo kibovu humshinda hata fundi stadi. Ni kweli, lakini ubovu huo aghalabu ni wa vifuniko vinavyovujisha hewa, au wa kidomo kilichochongwa vibaya, au wa ulimi wa tete uliopinda. Na ulimi huo una neno kubwa katika sauti kuliko mti wote. Kadhalika hali ya hewa: anayetoka joto la Kasindi, bondeni karibu na mto Semuliki, akapanda hadi baridi ya Butembo, ataona klarineti yake imeshuka, maana mwendo wa sauti hupungua takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila digrii ya joto inayopotea, na ulimi nao hukauka kwa namna nyingine.

Kwa hiyo mwalimu wa bendi mwenye fedha kidogo afanye hivi: azibe panapovuja, anunue kidomo kizuri na ndimi za kutosha, kisha akazanie noti ndefu zinazopigwa na wanafunzi wawili pamoja, kila mmoja akimsikiliza mwenziwe. Mpingo uje baadaye, kama utakuja.