Mji Uliotekwa Wenyewe Wakiwa Shimoni

Mji wa kwanza ninaoujua kutungwa ndani ya kompyuta ili watoto wautawale ulikuwa Lagash ya Sumeria ya kale, na aliyeutunga alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jina lake Mabel Addis. Alifundisha Katonah, katika jimbo la New York, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliingia kwenye mradi wa pamoja wa mamlaka ya elimu ya Westchester na kampuni ya IBM, uliotaka kujua kama kompyuta inaweza kufundisha uchumi. Mimi nafundisha Historia sekondari, hapa Tanga, kwa hiyo mtanisamehe nikianza na mwalimu mwenzangu kabla ya kufika kwa watu wa mazimwi na panga, ambao ndio kwa kawaida hupewa sifa zote.

Mchezo wake uliitwa The Sumerian Game, na programu iliandikwa na William McKay wa IBM. Mwanafunzi aliketi mbele ya mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na kompyuta ya IBM 7090. Kioo hakikuwapo, kila jambo lilitoka kwenye karatasi. Akiwa pale alikuwa Luduga wa Kwanza, mtawala wa Lagash. Msimamizi wa jumba alimletea hesabu: watu wangapi, mavuno kiasi gani, ghalani mmebaki nini. Kisha maswali. Nafaka kiasi gani utawalisha watu? Kiasi gani utapanda? Kiasi gani utaweka akiba? Ukishajibu, msimu unapita, na mara huja mafuriko, mara moto. Mwaka 1964 watoto wapatao 30 wa darasa la sita walikalia kiti hicho cha enzi. Miaka miwili baadaye Addis aliurekebisha, akaongeza slaidi na sauti za kwenye kanda, hadithi ikapata nafasi kubwa zaidi kando ya hesabu.

Wengi hawaujui mchezo huo ila wanaujua mtoto wake. Doug Dyment wa kampuni ya DEC alisikia habari zake, na mwaka 1968 akaandika toleo dogo. David Ahl akalihamishia lugha ya BASIC, akalichapisha mwaka 1973 kwa jina la Hamurabi. Unaanza na watu 100, ekari 1,000 na vipimo 2,800 vya nafaka. Kila mtu anahitaji vipimo 20 kwa mwaka, na panya nao wana fungu lao bila kuomba. Muda wako ni miaka 10. Ukiua kwa njaa zaidi ya asilimia 45 ya raia katika mwaka mmoja, unang'olewa hapo hapo.

Nimeuchezesha ubaoni, kidato cha pili, kwa chaki na dadu. Darasa hupiga kelele kuliko siku ya mpira. Lakini kila mwaka, kabla miaka 10 haijaisha, kuna mmoja nyuma kule atakayenyanyua mkono: "Mwalimu, mimi siwezi kutoka nikaenda kuchukua nafaka ya jirani?" Hawezi. Mtawala wa Lagash hatoki jumbani. Kila anachokijua kuhusu mji wake amekisoma kwenye taarifa, jambo ambalo kwa kweli linafanana sana na utawala, lakini mtoto wa miaka kumi na minne hakuja duniani kusoma taarifa.

Jibu la swali la huyo wa nyuma lilikuwa tayari limepatikana upande mwingine wa Marekani, na mtu aliyelipata alidhani ameharibu.

Mwaka 1969, huko Minnesota, David Wesely alikuwa mmoja wa kundi la vijana waliopenda vita vya mezani: askari wadogo wa kuchezea, rula, dadu na mabishano juu ya Napoleon. Wesely alikuwa amesoma kitabu cha zamani cha mafunzo ya kijeshi, Strategos cha Charles Totten, cha mwaka 1880, akachukua humo wazo la mwamuzi mwenye mamlaka ya kuamua lolote ambalo kanuni hazikulitaja. Akatunga mji wa Kijerumani, Braunstein, ulio katikati ya majeshi mawili yanayokaribia. Kisha, kwa kuwa waliokuja kucheza walizidi majenerali waliohitajika, akawagawia wengine nafasi za mjini: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo kikuu. Kila mmoja na haja zake.

Majeshi hayakupata hata nafasi ya kupigana. Watu wa mjini walianza kuvutana pembeni na kunong'onezana, wakavuruga mpango wote wa vita, na wawili wakadai kupigana wao kwa wao, mmoja kwa mmoja, jambo ambalo Wesely hakuwa na kanuni yake hata moja. Ikabidi azue papo hapo. Alirudi nyumbani akiamini usiku umeharibika. Wenzake wakamfuata: lini tena?

Miongoni mwa waliomfuata alikuwa Dave Arneson, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, mchezo wa mji, vita na safari ulipozaliwa mara moja ukiwa mzima. Katika mchezo wa Braunstein wa baadaye, uliokuwa katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Latini, Arneson alicheza kiongozi wa wanafunzi wa mapinduzi, akawazunguka wote kwa maneno matupu na vitambulisho vya kughushi. Wesely alipoitwa jeshini, Arneson akashika kiti cha mwamuzi. Kwa simulizi yake mwenyewe, wazo la mchezo wake lilimjia baada ya mwisho wa juma mmoja wa filamu za kutisha, vitabu vya Conan na bisi nyingi. Mwaka 1971 wenzake walishuka chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake, huko St. Paul, wakitarajia Napoleon, wakakuta ngome ya plastiki juu ya meza ya ping pong. Huo ndio mji wa Blackmoor. Wao ndio walinzi wake.

Watu hukumbuka kilichokuwa chini ya ngome: mahandaki, mazimwi, hazina. Husahau kilichokuwa juu. Blackmoor ilikuwa na mji, na mabwana wake walikuwa wachezaji wenyewe, na jirani yao alikuwa adui mwenye jeshi kamili, ambaye naye aliandaa mipango wiki baada ya wiki. Ukishuka shimoni, juu kalenda inaendelea. Basi wachezaji walinogewa na shimo. Walikuwa wakitafuta dhahabu huku ulinzi umelala, na adui akaichukua ngome. Arneson hakuwaonea huruma. Waliadhibiwa kwa uzembe huo, wakapelekwa uhamishoni Loch Gloomen, wakaanza upya mahali pa matope na ziwa.

Tukio hilo ningelibandika ukutani kwa kila mtunzi wa michezo ya namna hii. Adhabu haikutoka kwenye jedwali. Ilitoka kwenye ukweli kwamba mtu mmoja hawezi kuwa shimoni na juu ya ukuta kwa wakati mmoja, na kwamba vyote viwili ni vyake. Hata fedha aliifunga hivyo hivyo: katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1977, The First Fantasy Campaign, dhahabu ya shimoni haikumwongezea mtu alama za uzoefu kwa kulala mfukoni, ilibidi aitumie, kwa starehe au kwa mambo anayoyapenda. Shimo lililisha mji.

Mwishoni mwa mwaka 1972 Arneson alikwenda Lake Geneva, Wisconsin, kumwonyesha mtunzi mwenzake Gary Gygax mchezo huo, na Januari 1974 vikatoka vijitabu vitatu vya mchezo wao, Dungeons & Dragons, nakala 1,000. Ndani yake mji bado upo, lakini umesukumwa mwisho kabisa. Mpiganaji akifika daraja la juu anaweza kujenga ngome, kuwa bwana wa eneo, na kutoza kodi: vipande 10 vya dhahabu kwa kila mkazi kwa mwaka. Yaani kwanza uteseke shimoni miezi na miezi, ndipo upewe raia. Wengi hawakufika huko, na waliofika walikuwa wamekwisha kuzoea shimo. Kilichokuwa mzigo wa tangu siku ya kwanza kiligeuzwa kiinua mgongo, na kiinua mgongo, sote tunajua, huja umri umekwenda.

Kompyuta zikaja kukata vipande vilivyobaki. Shimo ni rahisi kuliandikia programu: kuta, dadu, mazimwi. Mji nao ni rahisi ukiwa peke yake. Will Wright, akitengeneza gemu ya helikopta ya kulipua visiwa, Raid on Bungeling Bay ya mwaka 1984, aligundua anafurahia zaidi kuvijenga visiwa kuliko kuvilipua, na mwaka 1989 akatoa SimCity. Hiyo ni Lagash imevaa nguo mpya. Meya haonekani, hatembei, hana hata jirani wa kumwibia.

Waliojaribu kuunganisha upya walikuwa wengi, na sitawataja wote. ActRaiser ya kampuni ya Kijapani Quintet, mwaka 1990, ilikuwa na sehemu mbili: unashuka na upanga kusafisha nchi, kisha unapanda angani kuwaongoza watu wajenge. Kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo unavyopata nguvu. Ni mshono mwembamba lakini umeshika. Ushahidi ni toleo la pili, la mwaka 1993: watengenezaji waliondoa mji, wakabakiza upanga, na waliolipenda toleo la kwanza wanaulalamikia uamuzi huo hadi leo.

Mfululizo wa Heroes of Might and Magic wa Jon Van Caneghem, ulioanza mwaka 1995 juu ya msingi wa King's Bounty yake ya mwaka 1990, ulifanya kazi nzuri zaidi kwa kutumia kalenda. Shujaa anazunguka kutafuta mbao, madini na dhahabu. Mjini unajenga jengo moja kwa siku. Kila wiki inapoanza askari wapya wanapatikana. Kwa hiyo kila hatua ya farasi ni swali: nikienda mbali hivi, nitawahi kurudi kuchukua jeshi kabla mwenzangu hajafika langoni? Huyo ni Arneson, mahesabu yake yamewekwa wazi.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni Majesty, ya Cyberlore, mwaka 2000, kwa sababu ilimjibu Mabel Addis moja kwa moja. Wewe ni mfalme na hutoki jumbani, kama Luduga. Mashujaa wapo, ila hawakusikilizi. Unaweka bendera ya zawadi juu ya pango la zimwi, na wao wanapima: hela hiyo inatosha kufa? Mwoga anapita njia nyingine. Mlafi anakimbilia. Akirudi hai, anakwenda dukani kununua dawa na upanga, wewe unatoza kodi ya dukani, na dhahabu uliyoitoa mlangoni inarudi kupitia dirishani. Siku niliyoelewa mzunguko huo nilizima kompyuta nikauchora nyuma ya daftari la mahudhurio.

Dwarf Fortress ya ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, iliyotoka mwaka 2006, ilichukua njia nyingine: unajenga ngome ya vibeti chini ya mlima, inaanguka, kwani mara nyingi huanguka, kisha katika dunia ile ile unaingia upya kama msafiri mmoja na unaweza kwenda kutembelea magofu yako mwenyewe. Mji na safari havigombanii muda tena; vimepeana zamu. Ni ajabu kubwa, ingawa mwanafunzi wangu aliyeijaribu aliniambia inahitaji likizo nzima na jirani mwenye umeme wa uhakika.

Mchezo ninaoutunga sasa na klabu yetu ya Historia ni wa karatasi, na mji ni Kilwa wakati dhahabu ya Sofala ikipita bandarini kwake. Suala lililotutesa ni lile lile la Blackmoor: namna ya kumfanya anayesafiri aijali nyumba, na wa nyumbani amjali msafiri. Tulipoanza kuandika kanuni za mwendo wa chombo tukaona pepo zimekwisha kuziandika. Kwa kaskazi unateremka kusini kwenda Sofala. Kurudi unangoja kusi. Hakuna kugeuza njiani kwa sababu umesikia habari mbaya. Miezi yote hiyo kiti chako barazani kinakaliwa na mchezaji mwingine, anashika ghala lako, anapokea wageni wa bahari kwa jina lako, anaweza hata kumwoza binti yako kwa mtu usiyempenda.

Wasichana wa kidato cha tatu wamekataa kanuni hiyo ya mwisho. Wanasema binti naye awe mchezaji, apewe karatasi yake na haja zake, kama yule mwenye benki wa Braunstein, tuone nani atamwoza nani. Wavulana wanaona mchezo utachelewa kuisha. Tutaujaribu Ijumaa baada ya vipindi, na nimekwisha kuwaambia walete dadu zao, zangu zimebaki mbili.