Tatu na sifuri kumi na moja

Mama mkubwa anauza mandazi hapa Kamwokya, karibu na soko. Ndani ya Biblia yake ameweka noti ya zaire 5,000,000, yenye sura ya Mobutu. Mtoto wa jirani aliiona siku moja, akauliza kama sisi ni matajiri.

Noti hiyo ilitoka mwishoni mwa 1992. Waziri mkuu Tshisekedi akasema si pesa halali, wafanyabiashara wakaikataa. Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo wakaanza kupora Kinshasa, watu wengi wakafa. Wakati huo mama mkubwa alikuwa Bukavu, ameuza ng'ombe wake kwa noti 20 za namna hiyo. Ng'ombe alikwenda, noti zikabaki.

Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: 3,000,000 za zamani kwa 1. Hapa ndipo hesabu inaponiudhi. Kwa nini tatu? Wangechukua milioni moja, mtu anafuta sifuri sita, basi. Uganda mwaka 1987 ilifuta sifuri mbili tu, shilingi 100 kwa 1 (ingawa serikali ilikata pia asilimia 30, na hiyo wazee hawajaisahau). Namba kama 100 au 1,000,000 imejengwa kwa 2 na 5 peke yake. Ukiigawa kwa 3, kila mara inabaki 1, hata uongeze sifuri ngapi. Kuna njia ya haraka ya kujua: jumlisha tarakimu zake. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba nzima inagawanyika. Noti ya mama mkubwa inatoa 5, kwa hiyo haigawanyiki.

Basi noti moja ilikuwa sawa na zaire mpya 1 na makuta 66 na theluthi mbili. Nani ana sarafu ya theluthi mbili ya likuta? Mwenye noti tatu ndiye aliyepata hesabu kamili, zaire 5. Mwenye moja ndiye wa kuambiwa "acha hiyo kidogo." Kasai walikataa kabisa, wakaendelea na zaire za zamani.

Juni 1998, wakati wa Laurent Kabila, ikaja faranga: zaire mpya 100,000 kwa 1. Zidisha mara milioni tatu, unapata 300,000,000,000. Bilioni mia tatu za zamani kwa faranga moja! Noti 60,000 kama ile ya kwenye Biblia. Namba yenyewe ni 3 mara 2 kumi na moja mara 5 kumi na moja, zote zikizidishwa pamoja, na inagawanyika bila baki kwa namba 288. Kwa 7 inakataa.

Jioni moja nilimfanyia mama mkubwa hesabu ya noti zake zote 20. Milioni 100, yaani sehemu moja ya 3,000 ya faranga.

"Kwa ng'ombe mzima?"

"Mzima, mama."

Akarudi kugeuza mandazi.