Kinyago cha Mahuta na Wahusika Tuwapendao

Katika mitihani ya fasihi wanafunzi wetu huulizwa aghalabu wamtaje mhusika waliyempenda na waeleze sababu. Majibu hufanana kama mapacha: fulani anapendwa kwa kuwa ni mkweli, mchapa kazi na mwenye utu. Tukiyasoma twashuku kwamba yameandikwa kumridhisha msahihishaji. Maana mwanafunzi yule yule, akiwa njiani kurudi nyumbani na wenzake, huwaigizia mlevi na mwongo wa kitabu kile kile, wakacheka hadi machozi. Yafaa basi tuulize watu wa nchi hii walikuwa wakiwachaguaje wahusika wao kabla mtihani haujazaliwa. Tutaanzia Mahuta.

Mahuta iko Tandahimba, wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Newala. Mwaka 1906 alifika huko Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, akikusanya vinyago na kunasa nyimbo kwa fonografu. Alikusudia kwenda Kondoa Irangi. Safari ikageuka, akaja kusini. Katika kitabu chake imo simulizi ya asili ya Wamakonde, na simulizi hiyo yaanzia Mahuta penyewe. Paliishi porini kiumbe mmoja, peke yake, ambaye alikuwa hajawa mtu kamili. Siku moja akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha kando ya makao yake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke, naye akamwoa. Wakashuka hadi mto Ruvuma. Huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, na mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarejea Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi, akawa mzazi wa kabila zima. Ndiyo sababu, wazee husema, Wamakonde walikaa juu, penye uzima, ingawa kwa vizazi vingi iliwabidi wake zao washuke mabondeni na kupanda tena na mitungi ya maji vichwani.

Simulizi haituambii kama mwanamke yule alikuwa mwema au mbaya. Yatuambia kwamba alichongwa na mwingine, kisha akasimama kwa nguvu zake. Kwa maoni yetu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mhusika, na watu wa nyanda zile walikijua mapema.

Kipimo hicho walikitumia katika ngoma ya mapiko. Mchezaji huvaa kinyago kinachofunika kichwa, na mwili wake wote hufichwa kwa nguo, asijulikane ni mwana wa nani. Zamani wanawake na watoto walifundishwa kuwa aliyetokea ni mzuka wa marehemu. Wavulana walifunuliwa siri hiyo jandoni. Vinyago vilichongwa kwa sura nyingi: mzee, mwanamke mwenye ndonya mdomoni, mgeni wa Kiarabu, Mzungu. Kinyago cha mgeni hakikuvaliwa ili vijana wamwige mgeni huyo. Kilipendwa kwa sababu watazamaji walimtambua mara moja, katika mwendo wake na katika majivuno yake, na kwa muda mfupi walikuwa na uwezo wa kumcheka aliyewatisha mchana. Sungura wa ngano naye alipendwa vivyo hivyo, ingawa ni mwizi wa kutupwa.

Maandishi yalipokuja, Sungura alikuja nayo. Askofu Edward Steere, aliyewaongoza watumwa waliokombolewa kwenda kukaa Masasi mwaka 1876, alikuwa amekwisha kuchapisha mwaka 1870 kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Alizitafsiri pia hadithi kadhaa za Shakespeare kwa Kiswahili chepesi. Lakini shule za utawala wa Mwingereza zilifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1929 zilitolewa tafsiri kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Ni vitabu vitamu, hatuukani utamu wao. Ila kijana wa Kiafrika aliyemchagua shujaa wa kitabu cha kwanza ilimlazimu awe upande wa msafiri mwenye bunduki, na wale waliofanana na babu yake awaache nyuma wakibeba mizigo.

Shaaban Robert alitupa wahusika wetu wenyewe. Adili, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, ndiye anayetajwa sana na wanafunzi kwa wema wake. Lakini ni nini kinachobaki kichwani baada ya kukifunga kitabu? Ni usiku: Adili ameshika mjeledi, alazimika kuwapiga manyani wawili ambao ni ndugu zake, na moyo wake wauma. Angekuwa mwema tu, asingekumbukwa. Muhammed Said Abdulla naye akatuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda tuzo ya kwanza. Huyu tunampenda kwa jinsi anavyofikiri, na tabia zake nyingine hatuziulizi.

Mwaka 1971 ikatoka Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Rosa, binti wa Ukerewe, alelewa kwa ukali na baba mlevi, aenda shule asiyajue ya dunia, apotea, na mwisho ajiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha baadaye kikaruhusiwa na kusomwa katika sekondari. Waliokizuia walidhani kumpenda Rosa ni kumfuata Rosa. Tumefanya kazi ofisini miaka mingi na twajua amri za namna hiyo zinavyoandikwa: kwa nia njema, na mara nyingi kabla kitabu hakijasomwa hadi ukurasa wa mwisho. Bibi yeyote wa Tandahimba aliyeketi mbele ya mapiko angeweza kuwaeleza tofauti. Msichana anayemlilia Rosa amekwisha kumwona Zakaria, baba yake Rosa, na pengine amemtambua kwa mwendo wake.

Kwa wanafunzi wa kusini yuko mhusika mmoja mgumu kuliko wote. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Misheni ya Masasi ilikuwa bado haijachomwa. Kinjeketile wa jukwaani yu hai hata baada ya maji kushindwa, na kifungoni akataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Mwandishi mwenyewe alionya kuwa huyu wake ni kiumbe cha kubuni. Alichongwa kwa mti wa Ngarambe, akasimama usiku. Tumewahi kuona karatasi za historia ambamo mtu wa Ngarambe anakataa kusema neno lile, na karatasi za fasihi ambamo mtu wa jukwaani ananyongwa Mohoro. Walimu wasikasirike upesi. Mtahiniwa ampende amtakaye kati ya hao wawili, mradi akumbuke ni karatasi ipi iliyo mbele yake.